Uzi wa Kushonea Vipande: Wanawake wa Sekei na Saratani ya Matiti

Anayeishi Sekei hawezi kusema hospitali iko mbali. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru ni jirani. Mwenye nguvu zake hushuka kwa miguu, aliyechoka huchukua bodaboda. Hata hivyo, mwanamke wa hapa aliyeshika uvimbe titini akioga anaweza kukaa nao miezi, pengine mwaka, bila kuvuka geti la hospitali hiyo. Asubuhi anapita akienda sokoni Kilombero, jioni anapita tena na mizigo yake.

Kinachomzuia ni maswali ambayo hana wa kumuuliza. Wakiondoa titi, mume atabaki? Nikilazwa, watoto watakula kwa nani? Ni kweli kwamba kansa ikiguswa na kisu inasambaa? Swali la tatu daktari atalijibu kwa dakika mbili: si kweli. Yale mawili ya kwanza yanahitaji mtu mwingine kabisa, mwanamke aliyekwisha kupita njia hiyo na kurudi kusimulia.

Niseme mapema ninachokiamini. Msaada wanaopeana wanawake wenye saratani ya matiti ni sehemu ya tiba, kama kilivyo kisu na ilivyo dripu. Na kwa mkoa kama Arusha, ambako mgonjwa mmoja anaweza kulazimika kutibiwa katika miji mitatu, msaada huo ndio uzi unaoshona vipande vya tiba vikawa kitu kimoja. Uzi ukikosekana, vipande vinabaki vipande.

Kwa nini tunachelewa

Mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 duniani waligundulika na saratani ya matiti, na takriban 670,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Tanzania, miongoni mwa saratani za wanawake, ya matiti ni ya pili baada ya ile ya mlango wa kizazi. Lakini takwimu inayouma zaidi ni ya kuchelewa. Tathmini ya huduma za afya ya matiti nchini iliyotolewa mwaka 2017 ilionyesha kwamba karibu wagonjwa 80 katika kila 100 hugundulika wakiwa hatua ya tatu au ya nne. Katika hatua hizo uvimbe mara nyingi umeshakua, ngozi imevutwa kama ganda la chungwa, tezi za kwapani zimevimba, au ugonjwa umeshahamia mifupani, kwenye mapafu au kwenye ini.

Matokeo yake tunayaona kwa jirani zetu pia. Utafiti mkubwa uliofuatilia wagonjwa katika nchi tano za Afrika, Uganda ikiwamo, ulikuta kwamba baada ya miaka mitatu karibu nusu tu ya wanawake hao ndio waliokuwa hai. Watafiti hao hao walihesabu jambo ambalo kwa kawaida halihesabiwi: kwa kila wanawake 100 waliokufa kabla ya kutimiza miaka 50, watoto 210 walibaki bila mama.

Kuchelewa huku kuna mantiki yake, na anayetaka kusaidia lazima aielewe badala ya kulaumu. Uvimbe wa saratani mwanzoni kwa kawaida hauumi, na sisi tumezoea kupima ugonjwa kwa maumivu. Mtu asiyeumwa anaacha genge lake akapange foleni ya nini? Kisha kuna aibu: titi ni kiungo cha siri na cha heshima, na kulifungua mbele ya kijana wa kiume aliyevaa koti jeupe si jambo dogo kwa mama wa makamo. Kuna na hofu ya maneno, kwamba amelogwa, kwamba ana mkosi, kwamba binti zake hawataolewa. Hofu hizi zote zinatoka kwa watu, na dawa ya hofu itokayo kwa watu hutoka kwa watu vilevile.

Safari yenye vipande

Tuchukue mama mmoja wa Sekei, tusimpe jina, tumfuate tu. Anaanzia hospitali ya karibu. Anapimwa kwa mikono, anafanyiwa picha, kisha anachukuliwa kinyama kipelekwe maabara. Kungoja majibu ya kinyama kunaweza kuchukua wiki kadhaa, na hapo ndipo wagonjwa wengi hupotea. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba uchunguzi wote, hadi ugonjwa kujulikana, usizidi siku 60 tangu mwanamke afike hospitali mara ya kwanza. Kwa anayengoja akiwa peke yake, siku 60 ni nyingi mno. Ndani yake anaweza kubadili mawazo mara kumi.

Majibu yakithibitisha, inafuata rufaa. Wengi wa kaskazini huelekezwa hospitali ya KCMC, Moshi, ambako kituo cha saratani kilifunguliwa mwishoni mwa mwaka 2016. Kutoka Arusha ni takriban kilomita 80. Tibakemia, ambayo wagonjwa wenyewe huita kemo, mara nyingi hutolewa kila baada ya wiki tatu, mizunguko sita au zaidi. Mizunguko sita ya kwenda na kurudi ni kilomita 960, na nyingi kati yake mama huyu husafiri akiwa na kichefuchefu. Anayehitaji mionzi, kwa miaka mingi njia yake ilikuwa ya Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani Ocean Road, zaidi ya kilomita 600 kutoka nyumbani. Na mionzi hutolewa kidogo kidogo, siku tano kwa wiki, kwa wiki tatu hadi tano. Alale wapi? Apike wapi? Nani atamfulia?

Akimaliza hayo, kama saratani yake ni ya aina inayolishwa na homoni, anapewa kidonge cha kumeza kila siku kwa miaka mitano, wengine hadi kumi. Ukiitazama safari hii yote utaona kwamba daktari wa upasuaji yuko nayo kwa saa chache, muuguzi wa wodi kwa siku chache, mtaalamu wa mionzi kwa wiki chache. Anayeweza kuwa nayo kwa miaka mitano ni jirani.

Wiki ya kwanza baada ya kisu

Hapa ndipo msaada wa mwanamke kwa mwanamke unapoonekana kwa macho.

Mgonjwa ametoka wodini akiwa na mpira mwembamba unaotoka chini ya kwapa, unaoingiza majimaji kwenye chupa ndogo. Wodini ameelekezwa kuipima na kuimwaga, lakini aliyapokea maelekezo hayo akiwa bado na usingizi wa dawa. Mwenzake aliyefanyiwa upasuaji mwaka uliotangulia anakuja na kanga. Anaikunja mara mbili, anaishona mfuko kwa ndani, chupa inaingia humo na kanga inafungwa kiunoni. Sasa mgonjwa anaweza kusimama mlangoni kumsalimia mgeni bila chupa kuning'inia mbele ya watoto.

Siku chache baadaye, daktari akiruhusu, huyo huyo anamsimamisha mbele ya ukuta. Anamwambia aweke vidole ukutani, avipandishe polepole kama buibui apandaye, hadi bega liseme basi. Pale vidole vilipofika anachora alama kwa penseli, na wiki ijayo watachora nyingine juu yake. Zoezi hili ni la kitaalamu: bega lisipochezeshwa hukakamaa, na mwanamke akashindwa kusuka nywele za mwanawe au kuanika nguo. Lakini karatasi ya mazoezi iliyotolewa hospitali huishia kwenye mkoba. Linalofanyika ni lile la ukutani, kwa sababu yuko mtu aliyekuja kuangalia alama imefika wapi.

Kuna na ujuzi usioandikwa. Kwamba wiki za mwanzo ndoo ya maji asiibebe yeye, hata kama kwa nje anaonekana mzima. Kwamba baada ya mzunguko wa kwanza wa kemo nywele huanza kutoka wiki ya pili au ya tatu, na ni afadhali kunyoa mwenyewe kuliko kuamka na kukuta mto umejaa nywele. Kwamba mdomo ukijaa vidonda, mtori uliopondwa laini na kupoa unapita wakati ugali haupiti. Juu ya yote, kwamba homa katika siku za kemo si ya kungojea asubuhi. Kemo hushusha kinga ya mwili, na joto likipanda kufikia nyuzi 38 mgonjwa anapaswa kukimbizwa hospitali usiku huo huo. Mwenza anayelijua jambo hili moja tu anaweza kuokoa maisha.

Na kuna lugha. Bibi wa Kiarusha au wa Kimeru kutoka vijiji vya juu anaelewa Kiswahili cha sokoni, lakini Kiswahili cha chumba cha daktari kinampita. Anaitikia "ndiyo" kwa heshima, anatoka bila kuelewa. Mwenzake anayeongea lugha yake humwambia upya wakiwa kwenye benchi nje, kwa maneno ya nyumbani.

Je, kuna ushahidi?

Ni haki kuuliza kama haya yote yanabadilisha chochote zaidi ya moyo. Mwaka 1989 daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, David Spiegel, alitangaza matokeo yaliyoshangaza wengi. Katika utafiti wake wa wanawake 86 ambao saratani ya matiti ilikuwa imeshasambaa, wale waliokutana kila wiki katika kikundi cha mazungumzo waliishi kwa wastani miezi 36.6, wenzao miezi 18.9. Wengi walidhani dawa imepatikana. Lakini utafiti mkubwa zaidi uliotolewa mwaka 2001, wa wanawake 235, haukuona tofauti ya urefu wa maisha, na Spiegel mwenyewe aliporudia kazi yake hakuipata tena. Kilichobaki imara ni kwamba waliokuwa kwenye vikundi walisononeka na kuteswa na maumivu kidogo kuliko wenzao.

Je, basi kikundi hakiongezi maisha? Tusikimbilie kufunga. Mwaka 2006 utafiti mwingine wa Marekani uliwafuatilia wauguzi 2,835 waliopata saratani ya matiti. Wale waliokuwa wapweke kabla ya kuugua, wasio na ndugu wa karibu, marafiki wala watoto hai, walikuwa katika hatari ya kufa kwa ugonjwa huo mara mbili ya wenzao. Na Harlem, wakati huo mtaa wa watu weusi maskini jijini New York, daktari wa upasuaji Harold Freeman alianzisha mwaka 1990 mpango wa kumpa kila mgonjwa mtu wa kumsindikiza hatua kwa hatua, sambamba na uchunguzi wa bei nafuu. Kabla ya hapo, wagonjwa 39 katika 100 walifikisha miaka mitano. Katika kundi la baadaye walifika 70.

Ukiyaweka matokeo haya pamoja yanasema jambo moja. Maneno matamu peke yake hayazuii saratani kukua. Mikono, miguu na macho ya mtu mwingine ndiyo yanayomfikisha mgonjwa kwenye dawa kwa wakati, na dawa ndiyo inayorefusha maisha. Kwa hiyo kikundi cha Arusha kisipimwe kwa machozi kiliyoyafuta tu. Kipimwe kwa idadi ya wanachama waliomaliza mizunguko yote ya kemo.

Waliotangulia

Wazo hili lina historia. Mwaka 1952 mwanamke wa New York, Terese Lasser, alitoka kwenye upasuaji uliomwondoa titi pamoja na misuli ya kifua, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule, akakuta hakuna wa kumwambia ataishije. Akaanza kuwatembelea wengine vitandani, akiwafundisha mazoezi na kuwapelekea titi la bandia. Baadhi ya madaktari walimwona msumbufu. Mwaka 1969 Chama cha Saratani cha Marekani kiliuchukua mpango wake, na mfano wake ukaigwa katika nchi nyingi.

Lakini mshairi Audre Lorde, aliyeondolewa titi mwaka 1978, aliandika katika kitabu chake *The Cancer Journals* jinsi mgeni wa mpango huo alivyomjia na titi la sufu, na jinsi alivyokataa kujificha. Aliona kwamba kumhimiza mwanamke aonekane kama zamani kunaweza kumnyima nafasi ya kuomboleza, na kuwanyima wagonjwa wenyewe nafasi ya kutambuana. Wote wawili walikuwa na haki. Mmoja anataka titi la bandia ili aende kanisani bila kutazamwa, mwingine hataki. Msaada wa kweli humuuliza mwenyewe kwanza.

Afrika Mashariki nayo imefanya kazi. Kampala, manusura wa saratani waliunda UWOCASO mwaka 2004. Nairobi, shirika la Faraja lilianza mwaka 2010, na zaidi ya ushauri linachangia gharama za tiba za wasio na uwezo. Thika, mshonaji ambaye mwenyewe aliugua anafuma matiti ya bandia kwa uzi na kuyajaza nyuzi laini, kwa bei ndogo sana ukilinganisha na ya silikoni, na anawafundisha wenzake kufuma. Tanzania, Chama cha Madaktari Wanawake, MEWATA, kilichoundwa mwaka 1987, kiliendesha mwaka 2005 kampeni ya uchunguzi wa matiti, na wanawake walijitokeza kwa wingi. Walipoitwa na wanawake wenzao, walikuja.

Arusha yenyewe haianzi sifuri. Huduma ya tiba shufaa ya Selian, iliyo chini ya Kanisa la Kilutheri, imekuwa ikiwafuata wagonjwa majumbani tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, ikitegemea watu wa kujitolea walio kwenye jamii. Imeonyesha kwamba jirani aliyefundishwa anaweza kubeba kazi nzito.

Uzi nao hukatika

Anayeupenda msaada huu lazima aseme na hatari zake.

Ya kwanza ni uvumi. Sisi wa Arusha tulishuhudia mwaka 2011 magari yakipita usiku na mchana kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mzee aliyeitwa Babu kwa shilingi 500. Wagonjwa wa kila namna walikwenda, na kati yao walikuwamo walioacha dawa zao. Hawakwenda peke yao: walishawishiwa na ndugu, wakachangiwa nauli na majirani, wakasindikizwa. Nguvu ile ile inayomfikisha mgonjwa Moshi inaweza kumpeleka mbali na tiba. Kikundi kisicho na muuguzi wa kukisahihisha kinaweza kugeuka soko la majani na mafuta ya miujiza.

Ya pili ni siri. Mwanamke akifungua moyo kikundini Jumamosi, habari zake zisikutwe saluni Jumatatu. Zikivuja mara moja, hawezi kurudi, na wanne waliokuwa wakijiandaa kuja hawatakuja.

Ya tatu ni msiba. Katika kikundi cha saratani watu hufa, na kila kifo huwaambia waliobaki kwamba huenda zamu yao inakuja. Anayesindikiza wenzake kila mwezi hadi makaburini huchoka kwa namna ambayo usingizi hauiponyi. Naye anahitaji wa kumsindikiza.

Ya nne ni kuwasahau wanaume. Mara nyingi sahihi ya mwisho, nauli na ruhusa ziko kwa mume. Nimesikia maneno mengi kuhusu wanaume wanaokimbia, na wapo. Lakini wapo pia wanaonyamaza kwa sababu hakuna aliyewaeleza kwamba titi likiondolewa mke habadiliki, wala ugonjwa huu hauambukizi. Mume akitembelewa na mwanamume mwenzake aliyemuuguza mkewe, husikia asichosikia kwa daktari.

Ya tano ndiyo kubwa: kuwatwisha wanawake mzigo wa serikali. Huruma ya jirani haitengenezi mashine ya mionzi, wala haijazi kabati la dawa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na kipimo chake kwa mama wa Sekei ni rahisi: je, anatibiwa hadi mwisho bila kuuza shamba, au bado anazunguka ofisi ya ustawi wa jamii akiomba msamaha wa gharama?

Kinachowezekana kuanzia mwaka huu

Uzuri ni kwamba chombo tunacho tayari. Vikoba, vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, vimejaa Sekei na mitaa yote ya jiji, na vingi vina mfuko wa jamii wa kusaidia mwanachama akiuguliwa au kufiwa. Tatizo ni kwamba mfuko huo umeundwa kwa ugonjwa mfupi. Mwanachama akilazwa, anapewa mkono wa pole mara moja, na shauri limekwisha. Saratani haiishi kwa mkono mmoja wa pole. Katiba ya kikoba ikibadilishwa sentensi moja tu, kwamba kwa ugonjwa wa muda mrefu pole igawanywe kulingana na tarehe za kliniki, fedha ile ile inakuwa nauli ya mizunguko sita. Pale ambapo mgonjwa angeacha kemo katika mzunguko wa tatu, anaendelea.

Hospitali nazo zinaweza kutenga benchi. Siku za kliniki ya matiti, mwanamke mmoja aliyekwisha kutibiwa, aliyefundishwa na kuapishwa kutunza siri, akae pale akilipwa nauli na chakula. Kazi yake kubwa iwe siku ya majibu, maana hiyo ndiyo siku ambayo mgonjwa hutoka chumbani na kutokomea. Asitoke peke yake. Atoke na namba ya simu ya mtu anayemjua kwa sura, na tarehe ya kurudi iwe imeandikwa kwenye kadi mbili: moja ya mgonjwa, nyingine ya mwenzake.

Kadi hiyo ya pili ndiyo ninayoitaka kuliko kitu kingine. Riboni za waridi za kampeni ya mwezi wa Oktoba zina kazi yake, lakini Novemba huondolewa, na mama wa Sekei bado amebakiza mizunguko minne. Mwenye kadi ya pili hahitaji riboni. Anatazama tarehe, anapiga simu usiku uliotangulia, na kusema: "Dada, kesho Moshi. Uji nitakuja nao. Nakupitia saa kumi na moja alfajiri, uwe umevaa sweta."